Video ya Mkunga

Jumatatu, 11 Machi
Barua ya wizara imefika kabla ya chai. Video moja ya mkunga wa hospitali kuu iondolewe ndani ya saa moja, la sivyo mtandao wetu wa video utafungwa nchi nzima. Bosi – tunamwita Bwana Haraka, naye anajua – akasimama nyuma yangu. Nikaitazama kama tunavyozitazama zote: mwendo mara mbili, sauti imezimwa. Mwanamke kavaa aproni, anaonyesha bomba. Nikabonyeza Ondoa. Mashine ikaishika sura yake, nakala zote zikafutika. Sekunde kumi na moja! Bwana Haraka kanisifu mbele ya wote. Nikavimba kichwa, mjinga mimi.

Jumanne, 12 Machi
Yamerudi maneno yake! Watu wanajirekodi wakiyasema, neno kwa neno. Dereva wa lori. Mwalimu, chaki mkononi. Bibi asiye na jino hata moja. Mashine inatafuta uso wa mkunga, haiuoni, inawapitisha. Asubuhi mia tatu, saa kumi jioni elfu arobaini. Jamani! Nikawasha sauti kwa mara ya kwanza: “Wiki ya tatu wodi ya wazazi haina maji. Jana nimempokea mtoto, sina cha kumwoshea. Niambieni, nimwoshe na nini?”
Kumbe hiki ndicho nilichokiondoa. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Jumatano, 13 Machi
Barua ya pili. Tuondoe moja moja, kwa mkono, na majina yapelekwe wizarani. Bwana Haraka alitusomea kwa sauti. Ana watoto, kasema, tusimtie matatani. Mkunga hajaonekana kazini tangu jana.
Kila video inapita kwa wakaguzi wawili. Wote wakibonyeza Ondoa, jina linakwenda wizarani lenyewe. Tukitofautiana, anaamua bosi. Nimeondoa mia mbili na sita. Zimekuja laki. Naogopa – lakini nikiri humu, moyo unanidunda kwa furaha pia. Miaka minne nawatazama watu hawa kwenye kioo cha kompyuta, nikidhani nawajua!

Alhamisi, 14 Machi
Asubuhi Mama, akinifungia chakula, kaniuliza simu inasimamaje bila kushikwa. Nikamwegeshea kwenye kopo la sukari. Nilidhani anataka kumtumia shangazi salamu.

Saa nane, mezani pangu kazini. Kopo letu la sukari halionekani, lakini jiko ni letu. Mama! Kavaa gauni la harusi, kayasema yote bila kukosea, kisha kaongeza la kwake: “Na mimi mwanangu nilimzalia wodi hiyohiyo.” Mwenzangu alishabonyeza Ondoa. Nimebonyeza Acha.

Imekwenda kwa Bwana Haraka. Namwona kupitia kioo cha ofisi yake. Kavaa hedifoni – yeye! – na anaitazama kwa mwendo wa kawaida. Imeisha. Mkono uko kwenye mausi.

Ameirudisha mwanzo.