Mti wa Salama

Jumatatu, 11 Agosti

Baba Salama,

Nimefagia, nimechemsha chai, nimemimina vikombe viwili. Tena. Chako nimekimwaga uani.

Eda bado ndefu. Dunia yangu ni chumba na ua.

Hamisi amekuja alasiri. Mdogo wako namjua tangu anavaa kaptura, lakini leo alishindwa kunitazama usoni. Ukoo umeuza shamba la Makurunge. Tingatinga linaingia Alhamisi. Mnunuzi ni mstaarabu, ameomba aonyeshwe kaburi la mtoto alizungushie waya. Kwingine kote anasafisha.

Hamisi halijui kaburi. Hakuna alijuaye. Salama alikufa kwa homa kwa bibi yake, huko Makurunge, mvua imekata njia, mkamzika huko huko. Miaka saba tu. Mimi nilifika maji yalipopungua, mambo yamekwisha, na kwetu wanawake hatuendi makaburini. Waliochimba nawe wote wametangulia. Kila Shaabani ulikwenda na jembe lako, ukarudi kimya. Sikuuliza. Ulishaniambia mara moja, ikatosha: "Nimemlaza chini ya mti wake. Ule mrefu wa mwisho, upande wa kibla."

Hamisi anasema miti mirefu ipo, mstari mzima, inaonekana tangu barabarani. Kesho atanitumia picha.

Jumanne, 12 Agosti

Picha imefika. Miti myembamba, imenyooka kama mishumaa. Kwenye simu hii yote ni kijani tu. Nimeikuza mpaka macho yakauma. Nimempigia.

"Niletee jani."

"Shemeji, mti mrefu ni mrefu. Kibla ni kile kile."

"Jani, Hamisi."

"Haya, nikuletee na nazi ulipike?"

Kaleta. Jani refu, linang'aa, kingo zake zina mawimbi kama pindo la gauni. Mwashoki. Ule wanaoupanda kwenye kumbi za harusi na nyumba za wageni. Salama hakuwahi kuwa na habari na mwashoki.

Nimesema si huu. Anasema ameshachomeka vigingi, na mnunuzi ameridhika.

Nimelia mbele yake. Sikuona haya.

Jumatano, 13 Agosti

Sijala.

Nakumbuka Mbegani, mivinje ile mstarini ufukweni. Salama anaokota jani la mvinje, jembamba kama sindano, lina viungo vidogo vidogo. Analikata kwenye kiungo, analichomeka tena, linashika kama halijaguswa. "Mama, limekatikia wapi?" Nakosea makusudi. Anacheka mpaka anakaa mchangani.

Na wewe ulipotoka Makurunge nilikuwa nakubandua majani hayo hayo kwenye sweta. Nikidhani ni ya ufukweni, kwa kuwa asubuhi ulianzia Mbegani. Mti wake! Ungekuwa mti gani mwingine?

Nimempigia Hamisi. Nyuma ya shamba hakuna mivinje? Nyuma ni pori, anasema, hajafika, na tingatinga linaanzia huko. Kisha kwa upole: "Shemeji, huzuni inakuchanganya."

Nimemkatia simu. Nimemchukia.

Mungu wangu. Watazungushia waya nyasi tupu, na mwanangu atazolewa pamoja na visiki.

Nimemwita mwalimu wa madrasa, nimemuuliza kupitia dirishani. Kwa dharura naweza kutoka, mchana, nirudi kabla ya magharibi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda. Bajaji, nguo za eda, watu wananikodolea macho.

Injini nimeisikia tangu njiani. Nimevua kandambili nikakimbia. Ng'ambo ya pori, mivinje! Inavuma kwa upepo wa kusi. Mitatu iko chini tayari, mizizi juu. Nimeufuata wa mwisho, upande wa kibla, nikaukumbatia.

Dereva amezima injini. "Mama, toka hapo! Utakufa bure!"

"Nitoke niende wapi, baba? Mwanangu yuko hapa."

Hamisi kafika anahema. "Nani kakwambia ni hapa, shemeji?"

Nilipiga magoti, nikafukua majani makavu kwa mikono. Mengi, yamelaliana kama mkeka. Sikuona kitu. Nikafukua tena, kucha zinauma. Nilianza kuamini kwamba kweli nimechanganyikiwa.

Kisha kome la baharini. Jeupe. Pembeni yake jingine. Yamepangwa pande zote, urefu wa mtoto.

Makurunge hakuna makome. Kumbe ndiyo safari zako za Mbegani asubuhi, na mifuko ile ya sweta iliyojaa mchanga, na mimi nakugombeza wakati wa kufua.

Hamisi alikaa chini. "Kaka," akasema, basi. Dereva alivua kofia. Baadaye Hamisi alikwenda mwenyewe kung'oa vigingi kwenye miashoki, akavileta begani.

Magharibi imenikuta ndani.

Jumapili, 17 Agosti

Waya umeshazungushwa. Mvinje wa mwisho umebaki peke yake.

Hamisi ameniletea kijitawi. Ameketi mlangoni, nikamfundisha. Amekata jani, akalirudisha, akaninyooshea. "Haya, shemeji. Limekatikia wapi?"

Nimekosea makusudi.

Chai leo nimemimina kikombe kimoja. Nimekinywa chote.

Baba Salama, makome sikuyasogeza. Yako ulivyoyapanga. Mkikaa pamoja huko, nitajeni na mimi. Msinisahau.