Nyama ya Mkutanoni

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima. Binti yako meno ya mbele yameshaota tena, na maneno nayo yameongezeka.

Juzi hotelini kwetu wasomi walikutana kujadili kwa nini mtu anafanya kazi kutwa na bado analala njaa. Wakakubaliana eti maskini hatuna mipango. Mmoja akaniuliza nikikusanya sahani, "Mama, wewe unaonaje?" Msimamizi akanitolea macho, nikakimbilia jikoni.

Huko alinisimamia, kama kawaida yake, mpaka nikaimwagia sabuni ya maji nyama yote iliyobaki, ili wafanyakazi tusiile. Eti tukionja tutazoea. Dada, kinyaa kilinishika! Kinyaa cha watu, si cha nyama.

Sasa usinigombeze. Alipogeuka, nilificha vipande ndani ya aproni. Nyumbani nikavisuuza mpaka povu likaisha, nikavichemsha. Mimi nilishindwa kumeza. Binti yako alikula akalamba vidole, kisha akasema, "Mama mdogo, nyama ya leo inanukia kama nguo safi. Kesho utaleta tena?"

Ni mimi mdogo wako.