Siku Niliyofundisha Habari za Mke wa Kaini

Alhamisi, Garissa. Mwezi wa pili unaisha na joto halijapungua hata kidogo. Tangu asubuhi upepo unarusha vumbi, na meza hii nimeifuta mara mbili kabla ya kukaa niandike. Nina huzuni. Nasema hivyo mapema ili nisijifanye.

Leo nimeachana na mtu niliyetaka kuolewa naye, na wala hatujakosana.

Nafundisha dini ya Kikristo katika shule ya upili hapa mjini. Darasa langu la Kidato cha Pili lina wanafunzi tisa tu, watoto wa polisi, wa manesi na wa wafanyabiashara waliotoka sehemu nyingine. Wenzao wengi huwa chumba cha pili na mwalimu Abdi, wakisoma dini ya Kiislamu. Asubuhi tulikuwa kwenye Mwanzo sura ya nne. Tulipofika kwa mke wa Kaini, msichana mmoja, Faith, akainua mkono. Swali hili huja kila mwaka nami huwa nalingoja. Aliuliza mke huyo alitoka wapi, ikiwa duniani walikuwa Adamu na Hawa na watoto wao tu.

Nikamjibu kama ninavyojibu kila mwaka. Sura ya tano inasema Adamu alizaa wana, waume na wake, kwa hiyo wengi huamini Kaini alimwoa dada yake, au binti wa ndugu yake, maana watu wengine hawakuwepo. Nikawaambia kwamba hata Abrahamu alisema Sara ni binti wa baba yake, ila si wa mama yake, na kwamba makatazo yalikuja baadaye sana, wakati wa Musa.

Faith akafikiri kidogo. "Kwa hivyo mwalimu, wao hawakukosea?"

"Hawakukosea," nikasema.

Nikawapa kazi ya kuandika, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka kengele ikalia.

Kioko nilikutana naye hapa Garissa miaka mitatu iliyopita. Yeye ni fundi wa pampu za visima na makao yake ni Habaswein. Sote ni Wakamba, sote tuko mbali na kwetu, na siku ya kwanza tulizungumza Kikamba mpaka chai ikapoa. Watu walikuwa wakituambia tunafanana. Mimi nilifurahi. Nilidhani wanaopendana ndivyo wanavyokuwa.

Desemba wazazi wake walikuja kwetu kujitambulisha. Baba yangu alikuwa amesimama mlangoni kuwapokea wageni. Mzee Mutua, baba yake Kioko, akashuka kwenye gari na kuanza kutembea kuja nyumbani, na baba akashika fremu ya mlango. Baadaye alisema alidhani ni marehemu babu anakuja, kwa mwendo ule ule na bega moja limeshuka.

Walikula kwanza. Kisha baba akaanza kuuliza, polepole, kwa heshima. Mzee Mutua alizaliwa wapi? Modogashe, akasema. Mama yake alikuwa akiwapikia wafanyakazi wa barabara. Baba mzazi hakumjua. Aliambiwa tu kwamba alikuwa dereva wa lori, akaambiwa na jina. Mama yake alirudi Kitui akaolewa, naye akakua kwa jina la yule baba wa kambo.

Jina la dereva lilikuwa la babu yangu.

Hakuna aliyepiga kelele. Shangazi alileta picha ya zamani ya babu, ikapita mkono kwa mkono. Wazee wawili, wote wamepita miaka sitini, wakakumbatiana katikati ya sebule yetu wakalia kama watoto. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nilimtazama Kioko, naye alikuwa anatazama sakafu.

Siku hiyo baba alipata kaka. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, na hilo ndilo limenifunga mdomo miezi hii yote. Sasa wanapigiana simu kila siku. Ningewezaje kumwambia laiti wageni wale wasingekuja?

Tuliporudi kazini tulijaribu kutafuta njia ya kuoana. Nakiri, tulijaribu sana. Kioko alinitumia aya kwa simu: Kaini, Abrahamu, Isaka na Rebeka, Yakobo aliyewaoa mabinti wa mjomba wake. Akaniuliza mimi ninayeyafundisha haya, yetu yana kosa gani. Nilifungua Walawi sura ya kumi na nane nikaisoma hadi nikaikariri. Binamu hatajwi. Nilimwambia, na tukapata matumaini kwa juma zima.

Tukaenda kwa msajili wa ndoa. Karani alikuwa mtu mpole. Alitueleza kwamba sheria haiwaruhusu binamu kuoana, isipokuwa wakiwa Waislamu. Tukiwa njiani kurudi, Kioko akasema kwamba basi tutakuwa Waislamu.

Sikumkatalia. Hilo pia nalikiri. Nilikwenda kwa mwalimu Abdi, maana mkewe Sahra ni binti wa baba yake mdogo, na nyumba yao pale mtaa wa Iftin nimeingia mara nyingi. Nilimwambia yote. Alinisimulia kwamba kwao hufundishwa kuwa watoto wa Adamu walizaliwa mapacha, wa kiume na wa kike, na kila mmoja akaoa pacha wa mwenzake. Alisema zamani ile watu hawakuwa na kwingine pa kwenda. Kisha akakunja na kukunjua kilemba chake.

"Bole, mwalimu," akasema, yaani *pole* kwa ulimi wa Kisomali. "Mlango uko wazi, mimi siwezi kukufungia. Lakini ukija, njoo kwa Mungu. Usije kwa sababu ya karani."

Wiki mbili nimeyabeba maneno hayo. Nimejaribu kuomba kwa namna ya Waislamu, nikiwa peke yangu chumbani, nikaona ninayemtafuta ni Kioko.

Leo saa saba alikuja na pikapu ya kazi kuchukua vipuri. Tulikaa kwenye hoteli ndogo karibu na soko. Aliagiza wali na nyama ya mbuzi kwa wawili, na hakuna aliyekula. Alikuwa amekwisha kuzungumza na sheikh wa Habaswein. Alisema kesho baada ya swala ya Ijumaa angesilimu, nami nikiwa tayari nimfuate. Wazazi wangezoea baadaye. Alikuwa amenyoa vizuri, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Alikuwa mtu anayetazamia kuambiwa ndiyo.

Nikamwambia siwezi.

Alidhani naogopa kuzaa watoto wagonjwa. Nikamwambia hilo nimeliwaza, ila si hilo. Siwezi kutamka shahada ya watu huku moyoni nahesabu siku za harusi. Mwalimu Abdi angenipokea kwa mikono miwili, nami ningekuwa namdanganya kila ninapomsalimu. Tena siwezi kumfanya baba achague kati yangu na kaka yake baada ya kumkosa miaka sitini.

Kioko hakubishana. Alikunja ukingo wa ile nailoni iliyotandikwa mezani, akaukunjua. Macho yake yalijaa, lakini hakuyafuta.

"Sasa nikuite nani?" akaniuliza.

Kwetu mtoto wa kaka wa baba ni dada yako au kaka yako, hakuna neno jingine, naye alilijua kama mimi. Akasimama, akalipa, akanishika bega kidogo tu, akaenda kwenye gari. Nilibaki na sahani mbili zilizojaa.

Jioni baba alipiga simu. Anataka Pasaka tule pamoja, watoto wote wa babu, waliojulikana na waliokuwa hawajulikani. Aliuliza kwa woga kama nitakuja. Anajua, ingawa hatujawahi kulizungumza. Nikamwambia nitakuja. Akanishukuru mara tatu.

Muda mfupi uliopita simu imelia tena. Kioko hunijulisha kila akifika Modogashe, njiani kwenda Habaswein, na leo pia ameandika: "Nimefika Modogashe salama, dada."

Nimelitazama neno hilo mpaka mwanga wa simu ukazimika. Kisha nimemjibu, "Asante kwa kunijulisha, kaka."

Sijui mtu huchukua muda gani kulizoea neno moja. Kwanza nitajipa hadi Pasaka.