Kikao cha Dharura Kuhusu Pudini Iliyopoa kwa Bibi Hebblethwaite

CHAMA CHA VIBARUA, KAMBI YA BWAWA LA WITHENSGILL, YORKSHIRE

Kikao cha dharura cha Kamati ya Meza ya Jumapili kilichofanyika Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1957, katika chumba cha kukaushia makoti.

Waliohudhuria:
Bw. Seth Ackroyd, mwendesha winchi, mzaliwa wa hapa Yorkshire – Mwenyekiti
Bw. Emrys Probert, mlipua miamba, kutoka Wales – Mjumbe
Bw. Jory Hocking, mwashi, kutoka Cornwall – Katibu

Aliyeitwa kujieleza: Bw. Murdo MacAskill, seremala, kutoka kisiwa cha Skye, Uskoti. Ana wiki mbili kambini.

Hakuhudhuria: Bw. Clem Tranter, Mjumbe. Ana udhuru wa jino.

KUMB. NA. 1/57: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa saba na nusu mchana akiwa amesimama. Aliambiwa viti vipo. Alijibu kwamba anaviona.

KUMB. NA. 2/57: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Zilithibitishwa, isipokuwa Bw. Probert alisema hakuuita uji wa mpishi wa kambi "zege". Aliuita "zege bovu". Marekebisho yalikubaliwa na wote.

KUMB. NA. 3/57: BARUA KUTOKA KWA BIBI HEBBLETHWAITE
Katibu alisoma barua ya Bibi Edith Hebblethwaite, mwenye duka la mikate na mkahawa pale chini mjini. Imeandikwa kwenye karatasi ya kufungia mikate:

"Kwa Kamati. Meza ndefu iliyo karibu na tanuri nimewawekea ninyi kila Jumapili kwa miaka mitatu. Jumapili iliyopita niliambiwa, ndani ya nyumba yangu, kwamba chakula hakijafika, nami nilikuwa nimekiweka mezani kwa mikono yangu. Wapiga tarumbeta wa kanisani wameniomba meza hiyo. Nitawajibu leo Jumamosi saa kumi na moja jioni, nikifunga duka."

Bw. Probert aliomba iandikwe wazi ni kitu gani tunakaribia kupoteza, ili asije mtu baadaye akasema tuligombania ubao wenye miguu minne. Katibu aliagizwa aandike, naye anaandika hivi.

Siku sita tunakula nyama ya kondoo iliyochemshwa mpaka ikakata tamaa, na viazi vyenye rangi ya maji ya kufulia. Siku ya saba tunashuka maili mbili. Harufu ya mkate inatupokea darajani kabla hatujaliona duka. Bibi huyu huamka saa kumi alfajiri, na unga anaukanda mwenyewe, maana hamwamini mtu. Kwanza huleta pudini: unga, mayai na maziwa, vimeumuka ndani ya mafuta ya nyama yaliyochemka, ukubwa wa kofia, kingo kavu zinazovunjika kwa mlio na katikati laini panapobeba mchuzi wa vitunguu. Pudini huja peke yake. Ukiimaliza ndipo inakuja nyama ya ng'ombe, na baada ya nyama pai ya tufaha na kipande cha jibini juu yake. Mwezi huu kuna pia keki nyeusi ya tangawizi, inayonata kwenye meno mpaka Jumatatu. Wengi wetu hatujaziona nyumba zetu tangu Pasaka. Pale mezani mtu huulizwa, "Umeshiba, mwanangu?" na anayeuliza husubiri jibu.

KUMB. NA. 4/57: TUKIO LA JUMAPILI, TAREHE 3 NOVEMBA
Mwenyekiti alieleza kwamba utaratibu wa nyumba ile unajulikana: Bibi Hebblethwaite hapeleki nyama mpaka kila sahani ya pudini iwe tupu, na hupelekea meza nzima kwa pamoja. Watu ishirini na mmoja walimaliza. Bw. MacAskill, ambaye ndiyo kwanza anafika mezani pale, alikaa na pudini yake mbele, mikono magotini, dakika thelathini na tano, ikapoa na kusinyaa. Bibi Hebblethwaite alikuwa amesimama kwenye kidirisha cha jikoni akiitazama. Nyama ilikuwa ikikauka tanurini. Hapo Mwenyekiti alimhimiza Bw. MacAskill ale.

Bw. Probert alisema neno "alimhimiza" lifutwe, liandikwe "alimfokea".

Mwenyekiti alisema sauti yake ndivyo ilivyo, kwa sababu ya winchi.

Bw. Probert alisema winchi haikuwapo mezani. Maneno yaliyosikika yalikuwa, "Kula hiyo, we Mskoti, au nije nikulishe!" na mtoto wa meza ya jirani alianza kulia. Neno lilibadilishwa.

Bw. MacAskill hapo alijibu, "Siwezi kuanza kula na chakula hakijafika." Bibi Hebblethwaite alisikia, akavua aproni, akafunga kidirisha. Watu ishirini na wawili walipanda mlima bila nyama, ishirini na mmoja wakiwa na pudini tu tumboni, na mmoja hana hata hiyo.

Alipotakiwa kujieleza, Bw. MacAskill alisema: "Kwetu baba hagusi kijiko mpaka kila kitu kiwe mezani, ndipo anaombea. Niliiona pudini nikasema, haya, nyama inakuja. Nilikuwa nasubiri nyama ije niombee. Niliona wenzangu wanakula bila kuomba, nikasema labda ndivyo watu wa huku walivyo, mimi si polisi wao."

Mwenyekiti aliuliza kama hakuona anatazamwa.

Bw. MacAskill: "Niliona. Nikadhani mama anafurahi kuona kijana mwenye adabu."

Aliulizwa pia kuhusu mateke mawili aliyopigwa chini ya meza. Alijibu alidhani nafasi ni finyu.

KUMB. NA. 5/57: HOJA YA KUMWONDOA BW. MACASKILL
Mwenyekiti alitoa hoja kwamba Bw. MacAskill aondolewe mezani moja kwa moja, na barua ipelekwe kabla ya saa kumi na moja kusema hivyo. Alieleza kwamba yeye ni mtu wa hapa, amelelewa kwa pudini, na hajawahi kuaibishwa namna ile mbele ya mwanamke wa kwao.

Hoja haikupata wa kuiunga mkono. Bw. Probert alisema: "Tulikuwa ishirini na mmoja, Seth. Hata mmoja hakumwambia, 'Ndugu, huku inaliwa kwanza.' Tulikaa tunachekelea kama wasichana. Ukimfukuza huyu, tufukuze wote."

Katibu anakiri kwamba na yeye alichekelea.

Bw. MacAskill alisema kama kuondoka kwake kutarudisha meza, ataondoka, ila aruhusiwe kwanza kumwambia mama yule kwamba hakumdharau. Alisema tangu afike Yorkshire hakuna nyumba nyingine aliyoingia zaidi ya ile.

Iliamuliwa kwamba Bw. MacAskill ashuke mjini wakati huohuo pamoja na Katibu. Lori la saruji lilikuwa linateremka. Kikao kilisimama saa nane na dakika kumi.

KUMB. NA. 6/57: TAARIFA YA WALIOTUMWA
Kikao kiliendelea saa kumi kasorobo. Katibu alitoa taarifa ifuatayo.

Walipitia mlango wa nyuma. Bibi Hebblethwaite alikuwa anatoa mikate inayookwa kwenye sakafu ya tanuri, ile mipana, na hakugeuka. Bw. MacAskill alivua kofia, akaeleza kama alivyokieleza kikao, na hakuongeza kitu. Bibi aliendelea kupanga mikate mpaka trei ikajaa. Kisha alisema, "Kaa hapo." Alivunja mayai mawili, akapiga unga, akapasha mafuta mpaka yakatoa moshi. Katibu amefanya kazi na mafundi wengi, na anasema hajaona mkono uliotulia namna ile.

Pudini ilipotoka ilikuwa imesimama kama taji. Bibi aliimwagia mchuzi, akaiweka mbele ya Bw. MacAskill, akakunja mikono. Bw. MacAskill aliangalia sahani, akamwangalia yeye, akauliza, "Naruhusiwa kuiombea peke yake?"

Bibi: "Omba. Lakini fanya haraka, haingoji mtu."

Bw. MacAskill aliomba kwa Kigaeli, lugha ya kwao. Bibi hakuelewa hata neno, ila aliinamisha kichwa. Bw. MacAskill alikula yote na kufuta sahani kwa kidole.

Bibi: "Sasa hicho ni chakula, au hakijafika?"

Bw. MacAskill: "Mama, kimefika. Nyama hata ikikaa hukohuko leo sitaiulizia."

Bibi: "Mbona siku ile hukuniambia unasubiri kuomba?"

Bw. MacAskill: "Na wewe mbona hukuniambia nyama inanisubiri mimi?"

Bibi Hebblethwaite alicheka mpaka akashika meza. Alisema kijana huyu atakaa kiti cha karibu na kidirisha, ili apate kuulizwa. Alimpa kipande cha keki ya tangawizi kwenye karatasi, na Katibu naye akapewa, bila kuomba.

Halafu alisema jambo la pili, na Katibu analiandika kama lilivyosemwa: "La huyu limekwisha. Sasa nasubiri la Seth Ackroyd. Miaka kumi na tisa hakuna aliyefoka kwenye meza yangu, hata marehemu mume wangu, naye alikuwa na sababu. Mgeni hakujua. Seth anajua. Aje mwenyewe kabla sijafunga, au wapiga tarumbeta wakae."

KUMB. NA. 7/57: MJADALA WA TAARIFA
Mwenyekiti alisema hilo lisiandikwe. Katibu alisema limeshaandikwa.

Mwenyekiti alisema yeye ndiye aliyekuwa anaitetea pudini. Bw. Probert alikubali kwamba ni kweli, na kwamba pudini ilisikia, na mtaa mzima pia.

Mwenyekiti aliuliza kama barua ingetosha. Bw. Probert alitikisa kichwa. Aliuliza kama angeweza kwenda kesho asubuhi. Bw. MacAskill alimwambia: "Mzee Seth, mimi niliogopa zaidi njiani kuliko nilipofika. Ukitaka nitakusindikiza mpaka darajani, siingii."

Mwenyekiti alitazama saa ya ukutani, akaomba koti lake. Lilikuwa bado bichi. Alilivaa hivyohivyo. Alisema hahitaji kusindikizwa, kisha akasema, "Haya, mpaka darajani tu."

KUMB. NA. 8/57: KUFUNGA KIKAO
Hakukuwa na mengineyo. Kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa ameshatoka, Bw. Probert alitamka kikao kimefungwa, saa kumi na dakika ishirini jioni.

Katibu: J. Hocking, 9 Novemba 1957

Mwenyekiti: S. Ackroyd, 10 Novemba 1957
(Imetiwa saini kwenye meza ndefu kwa Bibi Hebblethwaite, baada ya pudini, nyama ikiwa njiani.)