Miche Aliyokuletea Baba

Virginia, Jumatatu

Dada Nguyệt,

Hatujambo, ila joto limezidi na Mama anagombana na kuku wanaokula mnanaa wake.

Dada, miche ya matango aliyokuletea Baba, tafadhali usiipande. Jana niling'oa mmoja uliobaki huku, nikakuta mizizi imeoza, na vibuu vya inzi vimo ndani. Mtaalamu wa kilimo anasema ndivyo vinavyosambaza ugonjwa kwenye banda la mboga.

Nilipomwambia Baba, alicheka. "Kidudu chembamba kama uzi kinishinde mimi?" Kisha sauti ikamshuka. "Usimwambie dada yako. Ataona nimezeeka."

Ichome yote kabla vibuu havijaenea kwenye banda lako jipya. Naye Baba akipiga simu, mwambie miche imeshika vizuri.

Mdogo wako,
Diễm