Jua Lote Hili la Kitengela

Kui, wacha kucheka kwanza usome.

Daktari ameangalia majibu ya damu akaniuliza kama naishi chini ya ardhi. Vitamini D yangu iko chini kabisa! Ati watu wa kiwango kama hiki wako kwa hatari ya kufa mapema. Kufa, Kui! Na watoto bado wako praimari!

Jua lote hili la Kitengela!

Halafu akaangalia mwavuli wangu wa kujikinga jua na glavu. Ndio, ile mwavuli unanichekanga nayo.

Unamkumbuka Parsaloi, keateka anayetunza ploti yetu? Yule nilimwambia kuota jua kila asubuhi ni uvivu?

Leo nimeenda kumwomba nafasi kwa benchi yake.

Amesonga, akapanguza vumbi, akasema, "Karibu kazini, mama."