Kamba ya Bluu Iliyofunguliwa kwa Ajili ya Picha

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini huitwa Winchi.
Umri: miaka 44
Kazi: kibarua wa ujenzi
Makazi: ndani ya eneo la ujenzi
Elimu: darasa la sita. Anasoma na kuandika.

Naeleza kwa hiari yangu, ingawa nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi na hakuna aliyeniambia hata pole.

Kwetu ni mbali. Nilikuja kutafuta kazi huku pamoja na shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye ni fundi wa plasta. Yeye ndiye aliyeanguka.

Mnamo tarehe 11 mwezi huu, saa mbili asubuhi, walifika wanafunzi watatu wa chuo na kamera. Msimamizi wetu aliwaruhusu bila kutuuliza. Kijana anayewaongoza, wenzake humwita Dairekta. Wa pili ndiye mwenye kamera. Wa tatu ni binti ambaye kazi yake ilikuwa kupiga kila kitu picha kwa simu, ili kikirudiwa kesho kiwe vilevile. Filamu yenyewe ni ya dakika tatu: fundi anapanda jukwaa la ujenzi, anatembea juu ya ubao, anafika dirishani, anachungulia ndani. Basi. Walimchagua shemeji kwa sababu ya ndevu zake.

Walichora mstari wa chokaa chini wakasema kamera isiuvuke, eti mtazamaji atachanganyikiwa nani anakwenda wapi. Mimi niliuvuka na toroli la mchanga. Dairekta akaniambia, "Mzee, unatuharibia." Nikamwambia mchanga hauna mwingine wa kuusukuma. Shemeji alipandishwa ngazi mara nyingi. Mara moja binti alimrudisha kwa kuwa alishika ndoo mkono wa kulia, na mwanzo ilikuwa kushoto. Shemeji alikuwa anacheka tu. Aliniambia, "Shemeji, leo napanda na kushuka sijapaka hata ukuta mmoja, na hakuna anayenifokea." Nikamjibu nitamwambia dada kwamba mumewe amekuwa nyota, sasa atafute anayejua kufanya kazi.

Siku hiyo jukwaa lilikuwa limesogezwa na ubao wa juu haujafungwa. Shemeji hakuukanyaga. Alipanda ngazi, wakapiga picha kwa mbali, akashuka. Jioni, wanafunzi walipoondoka, aliufunga mwenyewe kwa kamba ya nailoni ya bluu. Mimi nilimshikia.

Mnamo tarehe 12, saa tatu asubuhi, walirudi ili wapige sehemu ya kutembea juu ya ubao. Binti aliangalia simu, akaangalia jukwaa. Akasema, "Jana ile kamba ya bluu haikuwepo. Vipande vya filamu havitaungana." Akaongeza kwamba jana yake ardhi ilikuwa na maji, na sasa imekauka. Dairekta akamwendea msimamizi. Msimamizi akasema, "Hilo dogo." Akanituma nikachote maji nimwage chini ya jukwaa. Katika maisha yangu nimebeba maji ya zege, ya kunywa na ya kuogea. Maji ya kufananisha tope na tope la jana, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Shemeji wakati huo alikuwa ndani akivaa shati la jana, kwa kuwa nalo lilitakiwa liwe lilelile, chafu vilevile.

Nikiwa njiani kwenda bombani nilimwona msimamizi juu ya jukwaa akifungua kamba. Nilidhani ataufunga ubao kwa upande wa ndani, ambako kamera haioni. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Habari ya kamba sikumuuliza. Niliporudi na maji shemeji alikuwa ameshapanda. Alitembea hatua chache akiwa na ndoo mkono wa kushoto, ubao ukainuka upande mmoja, akaanguka. Alivunjika nyonga na mkono. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama ndoo imempata mtu.

Afande ameniuliza kama shemeji alikuwa amelewa. Hanywi. Ameniuliza kama mimi nilikuwa nimelewa. Toroli la mchanga halisukumwi na mlevi, afande ajaribu mwenyewe.

Mnamo tarehe 13 Dairekta alikuja hospitalini. Nilifikiri amekuja kumjulia hali. Aliniita nje ya wodi akasema wamebakiza kipande kimoja, fundi akiwa dirishani, anaonekana mgongo tu. Kwa vile mimi na shemeji tunalingana mwili, aliomba nilivae lile shati. Nilimsukuma. Sikumpiga. Akisema nilimpiga, ni mwongo.

Msimamizi amemwandikia mwajiri kwamba shemeji alifungua kamba mwenyewe. Hospitali inangoja mwajiri akubali kuwa ni ajali ya kazini ndipo apasuliwe nyonga. Leo ni siku ya nne. Wanafunzi wamekaa kimya, maana bila msimamizi hawamalizi filamu yao. Msimamizi amenishika bega akaniambia, "Winchi, wewe una watoto. Sema hukuona."

Afande ameniuliza kama naweza kuyasema haya mbele ya msimamizi. Nikasema aitwe. Ameletwa, nimeyarudia. Akasema, "Ulikuwa bombani umenipa mgongo, ungeonaje?" Nikamwambia, "Niligeuka kukuuliza nilete ndoo ngapi. Ukanijibu mbili, kamba ukiwa umeitia begani." Akasema, "Mbili zilitosha kabisa, wewe ndiye uliyechelewa." Afande akafunua kurasa za nyuma za jalada, halafu akaendelea kuandika.

Niliyoyasema ni haya, sina la kupunguza. Nimesomewa, nimeelewa, naweka sahihi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maoni ya ofisa: Maelezo yamechukuliwa kituoni tarehe 16, saa tisa alasiri, mbele yangu. Msimamizi alikuwa ameeleza awali kwamba asubuhi ya tukio hakufika kwenye jukwaa wala hakuongea na shahidi. Ameambiwa asiondoke kituoni. Nakala ya maelezo haya imepelekwa hospitalini leo hii kwa mkono.